Maswali ya wasomaji: Vichapuzi vya chembe na hofu zake

Maswali ya toleo hili karibu yote yanahusu vichapuzi, yaani mitambo inayozipa chembe za atomu kasi kubwa kwa nguvu ya umeme na kuzielekeza kwa sumaku. Mkubwa kuliko yote uko CERN, maabara ya fizikia ya nchi za Ulaya, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa: duara la karibu kilomita 27, ndani ya handaki lililochimbwa kati ya mita 50 na 175 chini ya ardhi.

Swali: Mwanangu ameona video inayosema mtambo wa CERN utatengeneza shimo jeusi litakaloimeza dunia. Sasa usiku hapati usingizi. Nimwambie nini?

Shimo jeusi ni mahali penye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki. Anza naye kwenye hesabu ya nishati. Tangu 2022, protoni mbili (protoni ni chembe ya ndani ya kiini cha atomu) zinapogongana ana kwa ana ndani ya mtambo huo huwa na jumla ya elektronivolti trilioni 13.6. Elektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati. Tarakimu inatisha, lakini ukiigeuza kuwa jouli unapata kama jouli mbili zilizogawanywa kwa milioni moja. Hiyo ni nishati ya mbu kumi na kitu wakiruka. Ajabu yake si wingi, ni kwamba imebanwa mahali padogo mno, padogo kuliko hata atomu.

Kwa kanuni za mvutano tunazozijua, nishati hiyo haiwezi kuunda shimo jeusi. Ingebidi iongezwe karibu mara trilioni 1,000. Zipo nadharia zinazosema huenda kuna vipimo vya nafasi zaidi ya vile vitatu tunavyoviona (urefu, upana na kimo), na kwamba kwa sababu hiyo mvutano huwa na nguvu zaidi katika umbali mdogo sana. Hapo ndipo mashimo meusi madogo yangewezekana, na ndipo hofu yote ilipozaliwa. Lakini mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba shimo jeusi hutoa mionzi na kupungua, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyopungua haraka. La ukubwa huu lingetoweka kabla nuru haijavuka hata protoni moja. Watafiti wameyatafuta mashimo hayo kwenye data za migongano tangu 2010, wakitarajia kuona chembe nyingi zikitawanyika pande zote kwa mkupuo. Hawajayaona.

Tuseme Hawking alikosea. Bado shimo jeusi halina uchawi wa kufyonza vitu. Mvutano wake unalingana na masi yake tu. Ukipiga hesabu, elektronivolti trilioni 13.6 zikigeuka masi yote ni sawa na takriban atomu 260 za chuma. Kitu chenye mvutano wa atomu 260 hakivuti hata vumbi lililo kando yake.

Hoja inayotushawishi zaidi, hata hivyo, haitegemei nadharia yoyote. Angani hutoka chembe zinazoipiga dunia mchana na usiku, zinazoitwa miale ya kosmiki. Protoni ya angani ikigonga protoni iliyotulia hewani, inahitaji elektronivolti kama 1 ikifuatwa na sufuri 17 ili mgongano wake ulingane na ule wa CERN, na chembe zenye nishati hiyo au zaidi huipiga dunia nzima maelfu kwa maelfu kila sekunde. Mwaka 1991, vifaa vilivyowekwa Utah, Marekani, vilinasa chembe moja yenye takriban jouli 50, mbali kabisa na uwezo wa mtambo wowote. Jopo la wanafizikia lililokagua usalama wa CERN mwaka 2008 lilikadiria kwamba tangu dunia iwepo, maumbile yamekwisha kufanya hapa hapa duniani migongano ya kutosha majaribio kama 100,000 ya mtambo mzima. Dunia ipo.

Swali: Hoja ya miale ya kosmiki naona ina tundu. Shimo jeusi likizaliwa kwa chembe inayotoka angani litapita duniani kwa kasi na kwenda zake. Lakini CERN miale miwili ya protoni inagongana ana kwa ana, kwa hiyo linaweza kuzaliwa likiwa karibu limesimama, likabaki. Mnasemaje?

Umeuliza swali ambalo wengi wanaoandika kuhusu hofu hii hawalifikii, na wanafizikia wenyewe walilichukua kwa uzito. Wawili kati yao, Steven Giddings na Michelangelo Mangano, walilijibu kwa kirefu mwaka 2008.

Kwanza, shimo lenye chaji ya umeme lisingepita. Chaji ingelisuguanisha na mata ya dunia (yaani vitu vilivyoiunda) hadi lisimame ndani, kwa hiyo yangekuwepo mengi tayari na tungeona madhara yake. Linalobaki ni shimo lisilo na chaji hata kidogo, lisiloyeyuka kwa namna ya Hawking, na lililo na kasi kubwa. Hilo kweli lingevuka dunia bila kusimama.

Lisingevuka nyota kibete nyeupe. Hizi ni nyota zilizomaliza kuwaka, zenye masi inayokaribia ya jua iliyobanwa kwenye ukubwa wa dunia. Sentimita moja ya ujazo huko ina masi ya kama tani moja. Humo shimo lingekwama na kuanza kula. Nyota ingekwisha muda mrefu kabla ya kufikia umri wa nyota kibete tunazozipima, ambazo nyingi zimepita miaka bilioni moja. Kuna kikwazo kimoja, nao walikizingatia: sumaku kali ya baadhi ya nyota hizo huzipunguzia nguvu chembe za angani kabla hazijafika. Ndiyo maana walichagua nyota kibete zenye sumaku dhaifu tu. Nyota nyutroni, zilizobanana zaidi, zinatoa jibu lile lile kwa njia nyingine.

Kesi mahakamani zilifunguliwa hata hivyo. Iliyofunguliwa Hawaii mwaka 2008 ilitupwa mwaka ule ule, na ombi lililopelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu la kuzuia mtambo usiwashwe lilikataliwa.

Swali: Na zile chembe ngeni zinazoweza kugeuza mata yote kuwa kama zenyewe?

Hofu hiyo ilianza na mtambo wa Brookhaven, Marekani, unaogonganisha viini vizito kama vya dhahabu, kabla haujawashwa mwaka 2000. Mwezi ulitoa jibu: hauna hewa ya kuukinga, viini vizito kutoka angani vimeupiga moja kwa moja kwa mabilioni ya miaka, na haujageuka kitu kingine. Isitoshe, kadiri mgongano unavyokuwa wa moto zaidi ndivyo kitonge cha chembe hizo kinavyokuwa kigumu kushikamana, kwa hiyo CERN ni salama zaidi kwa hili kuliko Brookhaven.

Swali: Kama ni salama hivyo, mbona mtambo wa CERN ulilipuka siku chache tu baada ya kuzinduliwa mwaka 2008?

Haukulipuka kwa sababu ya migongano. Siku ile, tarehe 19 Septemba, hakukuwa na protoni hata moja ndani ya bomba. Mafundi walikuwa wanajaribu umeme wa sumaku.

Mtambo una sumaku kubwa 1,232 za kupindisha miale, kila moja ina urefu wa kama mita 15 na uzito wa tani 35. Waya zake ni za niobi na titani, na zinapopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi -271.3 za Selsiasi hupoteza ukinzani wote, yaani hali ya kuuzuia umeme usipite kirahisi. Hapo ndipo zinapoweza kubeba ampea karibu 12,000 bila kupata moto. Sharti ni moja: zisipate joto. Zikipata joto kidogo, ukinzani unarudi ghafla, na umeme wote ule unageuka moto.

Kati ya sumaku na sumaku, nyaya zimeungwa kwa kulehemiwa. Kiungio kizuri kina ukinzani usiofika nano-omu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani, na nano ni sehemu moja ya bilioni). Kimoja, katika eneo la kati ya vituo vya 3 na 4, kilikuwa na takriban nano-omu 220. Ukizidisha ukinzani huo kwa ampea 8,700 mara ampea 8,700 unapata wati 17 hivi, chini ya taa ndogo ya chumbani. Lakini kwenye baridi ile wati 17 ni nyingi. Waya ulipoteza hali yake ya kutokuwa na ukinzani, shaba iliyouzunguka haikuwa imegusana vizuri kuweza kubeba umeme badala yake, kiungio kikakatika, na cheche kubwa ya umeme ikatoboa chombo cha heliamu.

Kilichofuata ni kosa la pili. Lita moja ya heliamu ya kimiminika ikipata joto la kawaida inakuwa lita 700 na zaidi za gesi. Valvu za kutolea shinikizo zilikuwa ndogo, hazikupangwa kwa uvujaji wa kasi ile. Gesi ilijaa kwenye nafasi iliyotakiwa kuwa tupu, ikasukuma sumaku za makumi ya tani hadi zikang'oka kwenye nguzo zake, na masizi yakaenea mbali ndani ya bomba la miale. Tani 6 hivi za heliamu zilipotea, na sumaku 53 zilipandishwa juu kwa matengenezo. Handakini hakukuwa na mtu. Kanuni ya kutoruhusu mtu kukaa chini wakati sumaku zinajaribiwa kwa umeme mkubwa ndiyo iliyookoa maisha, si bahati.

Matengenezo yalichukua zaidi ya mwaka. Valvu ziliongezwa na kupanuliwa, nguzo zikaimarishwa, na kila kiungio kikawekewa kipimo kinachokata umeme volteji ikipanda hata sehemu ndogo ya milivolti. Bado hawakuthubutu kuupeleka mtambo kwenye nguvu yake kamili: waliuendesha kwa nusu, kisha kati ya 2013 na 2015 wakafungua viungio zaidi ya 10,000, kimoja kimoja, na kuvipachika vipande vya shaba vya akiba. Ukitaka kujua hatari ya kweli ya mtambo huu, ni hii: umeme mwingi, baridi kali, na gesi inayofukuza oksijeni. Anayeshuka handakini leo hubeba barakoa ya oksijeni kiunoni.

Swali: Mwale wenyewe ukipotea njia?

Kwa viwango vya usanifu, mwale mmoja una mafungu 2,808 ya protoni, kila fungu protoni bilioni 115 hivi. Masi ya zote haifiki nanogramu moja, lakini kwa kasi ile nishati yake ni jouli milioni 362, zinazotosha kuyeyusha nusu tani ya shaba. Hapa hofu ina msingi, ila ni hofu ya mafundi kwa mtambo wao.

Vipimo karibu 4,000 vimepangwa kuzunguka duara kunusa protoni zinazopotea. Kimoja kikiona zimezidi, amri ya kuutoa mwale inakwenda yenyewe, haimsubiri mtu. Mwale huzunguka duara zima mara 11,245 kwa sekunde, na ndani ya mizunguko mitatu unakuwa umetoka. Utoaji wenyewe unahitaji kulenga upenyo: katika mzunguko kuna nafasi isiyo na mafungu, ya takriban sekunde 3 zilizogawanywa kwa milioni moja, na sumaku za kutolea lazima ziamke ndani ya nafasi hiyo. Zikiamka nje yake, mafungu kadhaa hupigwa pembeni. Kwa hiyo vimewekwa vizuizi vya kuyapokea.

Mwisho wa njia kuna mche wa grafiti wenye urefu wa karibu mita 8, umezungukwa na mamia ya tani za chuma na zege. Mwale haupigi mahali pamoja. Sumaku nyingine huufanya uchore duara kwenye uso wa grafiti, kwa sababu ukipiga nukta moja ungeitoboa.

Swali: Mtu akiingiza mkono kwenye mwale itakuwaje?

CERN haiwezekani: bomba limefungwa, ndani ni ombwe, na mlango wowote wa handaki ukifunguliwa mwale unatolewa. Lakini jambo kama hilo limewahi kutokea kwenye mtambo mdogo zaidi. Tarehe 13 Julai 1978, huko Protvino katika Umoja wa Kisovyeti, mtafiti Anatoli Bugorski aliinama kukagua kifaa kilichoharibika na mwale wa protoni ukapenya kichwani mwake, kwa kuwa kinga za mlango zilikuwa hazifanyi kazi. Aliona mwanga mkali lakini hakusikia maumivu. Alipona, akamaliza shahada yake ya uzamivu, ila upande wa kushoto wa uso ulipooza na sikio hilo likafa. Alinusurika kwa sababu mwale ulikuwa mwembamba. Dozi ile ile ikienezwa mwili mzima huua.

Swali: Mnakubali basi kwamba CERN inasababisha matetemeko, inabadili hali ya hewa na kufungua milango ya ulimwengu mwingine? Mbona wameweka sanamu ya mungu wa uharibifu?

Hatukubali. Sanamu hiyo, ya Shiva, mungu wa Wahindu, ni zawadi ya serikali ya India, iliyokabidhiwa 2004. Na video iliyosambaa 2016 ikionyesha kafara ya usiku kwenye eneo la CERN ilikuwa mzaha wa watu waliokuwa na ruhusa ya kuingia eneo lile, na uongozi haukuufurahia.

Kuhusu ardhi, mambo yako kinyume. Mtambo hauigusi dunia, dunia ndiyo inayousumbua mtambo. Mvuto wa mwezi huivuta miamba na kuubadilisha mzingo wa duara kwa takriban milimita moja, na waendeshaji hulazimika kurekebisha mwale. Katika mtambo uliotangulia humo handakini, umeme uliovuja kwenye reli za treni za mwendo kasi ulipotosha vipimo hadi chanzo kikagunduliwa. Aprili 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche alipanda kwenye transfoma ya volti 66,000, akafa, na mtambo mzima ukasimama.

Swali: Je, antimata ya CERN inaweza kuibwa na kufanywa bomu?

Antimata ni mata iliyo kinyume: chembe zake zina chaji pinzani na zile za kawaida. Gramu moja ingetosha, maana ikikutana na mata ya kawaida hutoa nishati ya bomu la nyuklia. Tatizo la mwizi ni kuipata hiyo gramu. Hata angepata nanogramu nzima, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, angekuwa na jouli 180,000, za kuwasha balbu ya wati 60 kwa dakika 50. Na mtego wa kuihifadhia unahitaji sumaku, umeme na baridi kali bila kukatika. Ukizimika, antimata inagusa ukuta na kwisha, bila mshindo.

Swali: Mama yangu ana saratani na amepangiwa tiba ya mionzi kwa mashine iitwayo linaki. Nimesoma kwamba nayo ni kichapuzi. Atabaki na mionzi mwilini? Tukimkumbatia tutadhurika?

Pole kwa kuuguliwa. Mkumbatieni, hatabaki na mionzi.

Linaki ni kichapuzi kweli, na vichapuzi vingi duniani viko hospitalini na viwandani, si kwenye maabara za fizikia. Ndani yake elektroni husukumwa na mawimbi ya redio kwenye bomba lisilo na hewa, kisha hugonga kipande cha tungsteni na kutoa eksirei kali, kwa kawaida za megavolti 6 hadi 18. Ikizimwa, eksirei zinakoma papo hapo kama taa, tofauti na mashine za kobalti ambazo chanzo chake hutoa mionzi muda wote. Katika mashine zinazozidi megavolti 10 vipande vya chuma vya kichwa cha mashine hupata mionzi hafifu ambayo sehemu yake kubwa hufifia kwa dakika chache. Hilo ni suala la mafundi, si la mgonjwa. Waliomezeshwa iodini yenye mionzi au kuwekewa vyanzo mwilini wana masharti yao tofauti, msichanganye.

Mashine hizi zimewahi kuua. Kati ya 1985 na 1987, modeli ya Therac-25 ilizidishia dozi wagonjwa sita. Ilikuwa na njia mbili: elektroni dhaifu moja kwa moja, au mwale mkali unaopita kwanza kwenye kipande cha kuugeuza eksirei. Mwendeshaji akikosea kuchagua eksirei, akasahihisha haraka ndani ya sekunde 8, skrini ilionyesha elektroni lakini mwale ulibaki mkali, na kipande cha kuupunguza hakikuwepo njiani. Modeli ya awali ilikuwa na swichi na fyuzi za kuzuia hilo. Hii ziliondolewa, kazi yote ikaachiwa programu. Mashine za sasa zina vipimo viwili vya dozi vinavyojitegemea, kimoja kikishindwa kingine kinakata mwale, na dozi hupimwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3, kazi inasimama.

Mama atalala mezani dakika 10 hadi 20, nyingi zikiwa za kumpanga kwa miale ya leza. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Dozi ya kawaida ni grei 2 kwa siku (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), siku 5 kwa wiki. Asifute alama atakazochorwa ngozini, maana ndizo zinazoelekeza mwale. Asijitingishe, kamera inamwona na akiinua mkono watasimamisha. Akipungua uzito sana katikati ya tiba awaambie, kwa kuwa umbo likibadilika mpango wa mwale huenda ukahitaji kupigwa upya. Na kama ana kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kisemeni kabla ya picha za kwanza za mipango, msisubiri siku ya mionzi.